Wingu la Odile Limekataa Kutulia

Benchi letu liko konani, nje ya idara ya elimu ya nyota pale Montréal, na theluji ikishayeyuka hatunywi kahawa ndani. Yupo Mviringo, ambaye kwake kila kitu angani ni tufe. Yupo Giza, anayesingizia maada isiyoonekana hata akipoteza funguo. Na mimi mtunza kompyuta, mwenye chupa ya kahawa. Asubuhi ile Odile alikuja na uso wa msiba. Saa nane mchana alikuwa anatetea tasnifu ya miaka mitano, na wingu lake la nyota elfu kumi, ambalo ndani ya kompyuta lilitakiwa kujishikilia lenyewe bila kuporomoka wala kutawanyika, lilikuwa linatawanyika. Nilimhurumia sana.

— Sura ya tatu naing'oa, alisema. Kila nikiliachia, nyota zinaenda zao.

— Ziache, mdogo wangu, alisema Mviringo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Ukingo upi, bwana? alisema Odile. Anga lina ukingo?

— Basi lizungushie ukuta! Wenzako tunafanya hivyo na makala zinachapishwa.

Giza alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Ukuta angani, fundi nani? Hapo imepungua maada isiyoonekana. Mwaga mara kumi. Usione vyaelea, vimeundwa!

— Methali hiyo inahusu nini, wewe? aliuliza Mviringo.

— Nyota zinaelea, au zimekalia viti?

— Haya, shika uvutano wenyewe, alisema Mviringo, amepandwa na mori. Si huwa nguvu yake tunaiandika moja ili hesabu iwe nyepesi? Andika mbili!

— Nilijaribu jana, bila kugusa kasi ya nyota, alisema Odile. Likatulia tuli. Nikiulizwa kwa nini mbili, nijibu nini?

Hapo ndipo alipotokea Huguette, shangazi yake Odile, ametoka Chicoutimi kwa basi kuja kusikiliza utetezi, mkononi pai ya sukari.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Giza, macho kwenye pai.

— Mbona mmenuna? Nani kafa?

— Wingu langu, shangazi, alisema Odile. Kila nyota inavuta kila nyota. Tunaandika mvuto wa kila jozi, tunajumlisha, na jumla ndiyo inatuambia tuzipe nyota kasi gani. Ikizidi, zinatoroka. Zangu zinatoroka.

— Aa, kama mabusu ya mwaka mpya nyumbani kwa bibi yako. Tuko kumi na wawili, kila mtu na kila mtu, mabusu sitini na sita. Ila baba yako kila mwaka anatangaza mia thelathini na mbili! Mimi na yeye tukibusiana, anaandika kwangu, halafu anaandika tena kwake. Nyie hapa mnahesabu kama mimi, au kama kaka yangu?

Mviringo alimtazama Giza. Giza alitazama kikombe chake. Odile alifungua kompyuta magotini, akashuka mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama.

— Kama baba, kila jozi mara mbili, alisema, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

Pai tuliila bila yeye. Alishakimbilia ndani kuzipunguzia nyota zake kasi.