Sahani ya Kola ya Profesa Anagbogu

Waheshimiwa mapadre, wazee wa Amaokwu, wakwe na majirani, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba utulivu ili isomwe historia ya Profesa Fidelis Onyekwelu Anagbogu, kama ilivyoandikwa na kaka yake, Hyacinth Nwafor Anagbogu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ndiye anayeisoma.

Marehemu alizaliwa hapa Amaokwu tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili wa Mzee Anagbogu Ezeugwu na Mama Nwanyibuife, miaka minne baada ya Hyacinth, ambaye alimfundisha kusoma kwa kuandika herufi za mkaa kwenye mlango wa jiko.

Alisoma shule ya misheni ya hapa, kisha sekondari Onitsha hadi mwaka 1958, na mwaka 1961 umoja wa mji wetu, uliokuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka kijana Marekani, ulipokea maombi mawili kutoka nyumba moja, ukamchagua mdogo, kwa hoja kwamba mkubwa alikuwa na kazi tayari na hawezi kuliacha boma la baba yake. Hyacinth alimbebea sanduku hadi kwenye lori, akampungia mkono, na siku ile hakula.

Aliporudi, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, tarehe 28 Desemba 1970, marehemu alifunga ndoa na Perpetua Obiageli Ifediora wa Enugu-Ezike, wakajaliwa watoto watatu, Chinelo, Uzoma na Kenechukwu. Alipata udaktari wa falsafa mwaka 1974 na uprofesa katika chuo kikuu cha Nsukka mwaka 1983, na tangu hapo boma la Anagbogu likaitwa kwa Profesa, hata barua za Hyacinth zikawa zinaandikwa kwenye bahasha, "kupitia kwa Profesa".

Mwaka 1989 serikali ya kijeshi ilimteua kusimamia uchaguzi wa taifa katika jimbo moja, na ndiye aliyejumlisha kura za jimbo hilo mwezi Juni 1993, kabla serikali hiyo haijaufuta uchaguzi wote siku kumi na moja baadaye. Askari walipomtaka asalimishe karatasi za matokeo alikataa, akaendesha gari hadi hapa, akamwambia Hyacinth, "Kaka, ziweke kwenye sanduku lako la shule. Akija mtu, mwambie ni mitihani ya darasa la sita." Hyacinth aliziweka.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, katika mkutano wa umoja, marehemu alileta sahani ya kokwa za kola, kama afanyavyo kila mtu arudipo kwao. Mnajua kwamba sahani huzungushwa, kisha humfikia mkubwa wa nyumba ya aliyeileta, naye huinua kokwa, huomba, huimega, na asipoigusa hakuna anayekula, kwa maana ndugu yake mwenyewe amemtilia shaka. Ilikuwa imeshavuma kwamba marehemu aliwauzia askari kura zetu. Mzee Ogbodo Nwattah alisema, "Profesa, kola yako inanuka buti." Mwingine akadakia, "Nyumba waliyokupa Abuja ina vyumba vingapi, tuje na mikeka?" Watu wakacheka. Marehemu hakuweza kujitetea bila kutaja karatasi zilipo, akamtazama kaka yake.

Hyacinth hakuhitaji kutaja karatasi yoyote, alihitaji kumega kokwa moja tu. Aliipitisha sahani kwa jirani yake.

Jioni ile Perpetua alimfuata uani, akamwuliza, "Shemeji, hata wewe? Mkono wako ulikuwa na ugonjwa gani?" Kwa miaka kumi na minane marehemu hakuleta tena kola mkutanoni, hakupewa cheo chochote hapa kwao, na wachumba wawili waliokuja kumposa Chinelo waligeuza njia. Hyacinth alikuwa akijiambia kwamba aliwaogopa askari, lakini askari waliondoka madarakani mwaka 1999, naye akaendelea kunyamaza. Haikuwa hofu, ulikuwa wivu. Siku ile watu walipomcheka Fidelis, moyo wa Hyacinth uliburudika, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1961.

Marehemu aliugua kisukari tangu mwaka 2004, na figo tangu mwaka jana. Jumapili tarehe 6 Novemba 2011 Hyacinth alikwenda hospitali, Enugu, kumwomba radhi. Marehemu alimwona mlangoni akasema, "Kaka, koti lote hilo, nani amekufa?" Wakacheka wote wawili, na Hyacinth akaishia kuzungumzia viazi vikuu. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kwa hiyo neno hilo linasemwa leo, mbele yenu mliokuwapo. Fidelis hakupokea kitu kwa askari. Karatasi amekabidhiwa Perpetua, na anayetaka kuzisoma akamwombe. Kaka yake alilijua hili siku zote, na ninyi mlimhukumu kwa sababu kaka yake alinyamaza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Enugu, wahadhiri wenzake wa Nsukka, akina mama waliopika tangu juzi, na majirani wote, pamoja na mliocheka.

Fidelis, pumzika kwa amani ambayo kaka yako alikunyima.