Fundi Jozi, Mtu Aliyekataa Kufunga Spika Moja

Wafanyakazi wote wanatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo redio ya karakana itaruhusiwa kupiga muziki. Marufuku iliyokuwepo tangu wengi wetu hatujaajiriwa inafika kikomo Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni. Dada wa mapokezi, ambaye ameshaanza kuchagua nyimbo, anaombwa avute subira.

Sababu ya mabadiliko hayo makubwa ni kwamba siku hiyo Fundi Jozi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya spika.

Wenzetu wa ofisi za juu, wanaomjua kwa kikohozi chake cha ngazini tu, huenda hawajui hasa alikuwa akifanya nini huku chini. Kazi yake ni pikipiki kubwa za safari, zile zinazotoka kiwandani zikiwa na kioo cha kukinga upepo, redio yake, na spika mbili zinazomtazama dereva usoni. Jua na mvua vikishazila spika hizo, Fundi Jozi ndiye anayetafuta nyingine zitakazoelewana na redio ileile. Ukiisema hivyo inaonekana kama kubadilisha balbu. Yeye mwenyewe aliwaacha watu waamini hivyo, hasa wale waliokuja na haraka zao.

Hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Aliajiriwa kuosha pikipiki. Katika wiki yake ya kwanza aliielekezea bomba la maji pikipiki ya mteja kwa bidii iliyopitiliza, na ilipowashwa, redio ikasoma matangazo kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Bosi wa wakati huo hakumfukuza. Alimwambia, “Wewe uliyeiua, utaifufua,” akampa bisibisi na kumwonyesha meza iliyokuwa tupu. Kuanzia siku hiyo hakuosha tena, na meza ikawa yake.

Waliobahatika kufanya kazi karibu naye wanaujua utaratibu wake. Mteja akiingia akiuliza spika ya wati ngapi, Fundi Jozi alikuwa anamsikiliza mpaka amalize, kisha anamjibu kwamba wati ni za kupamba boksi. Redio ya pikipiki, alikuwa akieleza, ina nguvu zake za kiasi, kama mtu mzima aliyepewa mkokoteni. Ukimpakilia mzigo mzito atausukuma, lakini usitegemee na kuimba aimbe. Kwa hiyo kwanza alitafuta spika nyepesi, inayoitika ikiguswa kidogo. Pili alipima omu zake, yaani ule ukinzani ambao redio imezoea kukutana nao, maana omu zikizidi sauti inasinyaa, na zikipungua redio inachemka mpaka inakata roho. Alipima kwa kifaa chake mwenyewe hata kama boksi lilikuwa limeandika, kwa sababu, alisema, boksi halijawahi kuulizwa swali likajibu. Halafu anashusha kutoka kwenye misumari ya ukutani kipande cha kadibodi alichokata kwa umbo la tundu la pikipiki ya aina hiyo, aone kama spika itakaa bila kugonga nyaya za nyuma. Spika ambayo koni yake, ule utando unaotetema, ni ya karatasi aliirudisha rafuni bila maelezo. Mvua, kwake, ilikuwa maelezo ya kutosha.

Mwisho mteja anapanda pikipiki yake, anavaa helmeti, injini inawashwa, na redio inafunguliwa kwenye taarifa ya habari. Muziki hapana. Fundi Jozi aliamini kwamba muziki unadanganya, kwamba hata spika mbovu inaweza kukuchezesha, ila sauti ya mtu anayeongea kila mmoja wetu anaijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Ndiyo maana karakana yetu, kwa miaka yote hiyo, imekuwa mahali pa watu wenye mikono michafu na ufahamu mpana wa mambo ya dunia.

Jina la Jozi alilipata kwa ukaidi. Hakuwahi kufunga spika moja. Mteja alilia kwamba ni ya kulia tu iliyokufa, ya kushoto bado nzima; akaulizwa kama akipotelewa na kiatu kimoja huwa anakwenda dukani kununua cha upande mmoja. Spika zinazeeka pamoja, alisema, na ukichukua kijana ukamweka kando ya mzee, mmoja atapiga kelele na mwingine atanung’unika.

Ukaidi huohuo ndio uliotuletea mambo.

Meza inayotazamana na yake ni ya Fundi Waya, anayeshughulika na umeme wote wa pikipiki. Fundi Waya amemwoa dada mdogo wa Fundi Jozi, kwa hiyo hao ni mashemeji, na kwa muda mrefu walikuwa wakiitana hivyo kuanzia asubuhi mpaka geti linafungwa. Miaka sita iliyopita, Fundi Jozi akiwa msibani, alikuja mteja mwenye haraka na Fundi Waya akamsaidia: akamfungia spika moja. Pikipiki ilirudi wiki iliyofuata, upande mmoja unafoka, mwingine unanong’ona. Fundi Jozi alifungua kifuniko mbele ya mwenye chombo, akachungulia, akainua kichwa na kuuliza kwa sauti, “Nani kamwoza mzee huyu mke mdogo?”

Karakana nzima ilicheka. Mwenye pikipiki alicheka. Fundi Waya alifuta mikono yake taratibu, akatoka nje, na tangu hapo wawili hao hawakusemeshana.

Walioajiriwa baadaye wanadhani ni desturi ya kampuni. Ilikuwa hivi: Fundi Jozi, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwa shemeji yake, anasema, “Dada, mwambie mwenzetu azime umeme.” Dada wa mapokezi, bila kuinua macho, anasema, “Amesikia.” Na umeme unazimwa. Kazi haikuwahi kusimama, wala uongozi haukupata cha kulalamikia. Nyumbani ndiko ilikouma. Dada yake Fundi Jozi, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliozaliwa naye tumbo moja, alikuwa akiandaa chakula sebuleni kwa mumewe na kibarazani kwa kaka yake, anatembea na bakuli katikati. Mwanzoni mwa mwezi huu alituma ujumbe kwamba kwenye sherehe ya kumuaga asitegemewe. “Sitakaa katikati ya mawe mawili,” alisema, “halafu niitwe mgeni wa heshima.”

Fundi Jozi alipoletewa ujumbe huo alikuwa anapima spika. Aliipima, akaiweka chini, akaichukua, akaipima tena ileile.

Pikipiki yake ya mwisho ililetwa Jumatatu iliyopita na muuguzi mmoja. Ilikuwa ya marehemu baba yake, dereva wa masafa marefu, na ndani ya redio kulikuwa na flashi ambayo mzee alijirekodi, kipindi anamfundisha binti yake kuendesha. Muuguzi huwa anaisikiliza akienda zamu. Spika za zamani zilipochanika alikwenda duka la njiani, wakamfungia mbili zenye wati nyingi sana kwenye boksi, na kwa haraka zao wakazipishanisha nyaya za upande wa kushoto na kuzifunika kwa tepu. Fundi Jozi alizitoa, akachagua jozi nyingine kwa utaratibu wake wote, omu, kina, koni ya kuvumilia maji. Alipoona nyaya za kushoto zimepishana, akazigeuza palepale kwenye spika. Hakusema kitu.

Baadaye kidogo Fundi Waya, aliyekuwa anasafisha nyaya nyuma ya redio, naye aliona zimepishana. Akazigeuza huko nyuma. Naye hakusema kitu.

Kwa asiye fundi: spika mbili zinatakiwa kusukuma pamoja na kuvuta pamoja. Moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, kila moja peke yake itasikika vizuri, ila zikiwa pamoja ule uzito wa chini wa sauti unapotea. Ukigeuza nyaya mara moja umeponya. Ukigeuza mara mbili umerudi ulikotoka.

Muuguzi alipanda, akavaa helmeti, akasikiliza habari, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka flashi. Baada ya maneno machache alivua helmeti.

“Huyu siye baba,” alisema. Hakuwa na hasira. “Baba alikuwa akiongea chumba kinajaa. Huyu anaongea kama anaomba ruhusa.”

Fundi Jozi alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akasikiliza zote, akaelewa. Alimwomba muuguzi akanywe chai. Akageuza nyaya za spika, akaenda kunawa mikono. Alipotoka tu, Fundi Waya, ambaye naye masikio anayo, akainama nyuma ya redio na kugeuza za huko.

Muuguzi alirudi, akasikiliza, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta nani amweleze ukweli. “Au ndiyo imeharibika moja kwa moja?” aliuliza. “Niambieni tu. Sauti yake sina pengine.”

Hapo Fundi Jozi aligeuka. Dada wa mapokezi alikuwa ameshafungua mdomo tayari kupokea ujumbe, lakini safari hii haukupitia kwake.

“Shemeji, wewe umegeuza?”

Fundi Waya aliinuka kutoka nyuma ya redio, koleo mkononi.

“Nimegeuza.”

“Lini?”

“Asubuhi. Na saa hii tena.”

“Na mimi asubuhi, na saa hii tena. Sasa kwa nini hukusema?”

“Ningesemaje, nami nimekununia?”

Fundi Jozi alilifikiria jibu hilo, akaona halina kasoro. “Basi usiguse. Nageuza mimi.”

“Geuza. Mimi huyu, nimeinua mikono.” Na kweli aliinua, mmoja ukiwa bado na koleo.

Aligeuza mara moja. Flashi ikaanza upya, na kutoka kwenye spika zote mbili ikatoka sauti nzito, ya mtu mwenye kifua, asiye na haraka: “Taratibu, mama. Kata kona taratibu. Hakuna anayekufukuza.” Muuguzi alivaa helmeti na kushusha kioo, ingawa tulikuwa ndani na pikipiki imezimwa. Sisi wengine tulikumbuka ghafla kwamba tuna kazi. Fundi Jozi alibaki amesimama kando yake, mkono juu ya kifuniko, mpaka mzee yule alipomaliza aliyokuwa nayo ya kusema.

Jioni mashemeji walitoka getini pamoja, na tulipata habari kwamba siku hiyo sebuleni kuliwekwa sahani mbili. Asubuhi yake ujumbe mwingine ulifika: dada anakuja, na awekewe kiti katikati.

Fundi, umetufungia spika ambazo hatutazihesabu, umetuvumilia, na umetufundisha kusikiliza kabla ya kuongeza sauti. Kwa niaba ya karakana na ofisi za juu, asante sana. Kadibodi zako zitabaki kwenye misumari yake. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, usingizi usiokatizwa na king’ora cha geti, na nyumba ambayo kila anayeongea ndani yake anasikika.

Wakati ukurasa huu unapelekwa kuchapwa, Fundi Jozi na Fundi Waya hawajasemeshana tangu jana mchana. Kila mmoja anadai ndiye aliyegeuza kwanza.