Joto, Jini na Matokeo ya Sekondari

Benchi letu liko Garissa, nyuma ya duka la simu, likitazamana na sekondari ya kutwa ya mtaa. Hapo tunakunywa kahawa ya tangawizi ya Salah na kurekebisha nchi. Asubuhi ile matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na shule yetu ilikuwa imeshika mkia tena. Kadar, mwenye lori la mifugo, ambaye kwa urefu wake tunamwita Dheere, alikuwa anatikisa kichwa. Pembeni yake alikaa Jelle, aliyeacha shule kidato cha pili na sasa ndiye Brofesa wetu.

— Ni joto, akasema Dheere. Ubongo unaiva. Mtoto anaingia darasani na hesabu zake, ikifika saa saba zimeyeyuka zote.

— Joto liko Dubai pia, na wale wanajenga maghorofa, akasema Brofesa. Hii ni kazi ya jini. Maabara imefungwa tangu lini? Nyumba ikikaa tupu, jini anahamia.

— Sasa jini anasoma kemia?

— Anaharibu. Wewe umeona mtoto wa hapa amepasi kemia?

Hakuna aliyewahi kuona, kwa hiyo jini akapita bila kupingwa.

Salah akatuongezea kahawa, naye akaingia kwenye mjadala.

— Mimi nasema ni hawa wasichana. Saa sita wanatoka, wanapita hapa mbele yangu, hawarudi. Simu tu.

— Wallahi mko mbali, akasema Brofesa. Mtihani unasahihishwa wapi? Nairobi, kwenye baridi. Karatasi ya Garissa inafika na madoa ya jasho. Msahihishaji anadhani ni machozi. Anasema huyu alikuwa analia, basi hajui kitu. Anampa D.

Hiyo ilikuwa na sauti ya utafiti. Dheere akapendekeza watoto waingie na taulo.

Ndipo akavuka barabara mwanamke mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa buibui. Akatusalimu, tukaitika. Alikuwa Mumina, mwalimu mpya wa kemia, ametoka Wajir.

— Jini wa maabara umemkuta? akauliza Dheere.

— Nimekuta popo na kufuli yenye kutu. Nimeivunja. Wazee, choo cha wasichana kiliporomoka. Wanakwenda haja nyumbani, na wakifika huko wanapewa wadogo zao wawalee, siku imeisha. Wazazi wanakutana sasa hivi. Mtakuja?

— Wangu wako bweni, Thika, akasema Dheere.

— Wangu Mwingi, akasema Brofesa. Hapa mazingira si mazuri.

Mimi nikasema wangu yuko kwa abti yake, mjomba wake, Nairobi.

Salah alikuwa amepiga magoti, anapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Mmoja wa hao wasichana ni wangu, akasema bila kuinuka. Fatumo, kidato cha tatu. Hajaniambia habari ya choo.

— Ulimuuliza kwa nini harudi?

Mwalimu aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua. Sisi wengine tukatazama vikombe.

Salah akamwaga maji juu ya makaa, akamfuata mwalimu.

Nasikia mkutanoni alikuwa mwanamume pekee, na akina mama wakamchagua papo hapo mwenyekiti wa choo. Tangu hapo anachimba shimo pamoja nao, suruali imekunjwa hadi magotini. Sisi tuko benchini na soda vuguvugu za dukani, tukimtazama.