Maiti Aliyekataa Kupigwa Tobo

Wazee wangu, shikamooni. Ninyi vijana, marahaba, nimewasikia tangu mlangoni. Mwenyekiti ameniambia nizungumze nimekaa kwa ajili ya goti hili. Asante, Mwenyekiti, lakini nitasimama. Mimi nilikuwa beki wa kati, namba tano, na beki hazungumzi amekaa. Mama, nishikie gongo langu hapo, nitaliomba nikichoka.

Naona leo wageni ni wengi kwenye kikundi chetu cha walioumia viungo. Karibuni sana. Wakati wa kujitambulisha nimemsikia ndugu mmoja pale nyuma, mwenye mkono uliofungwa, akisema, "Nilikuwa seremala." Nimelisikia hilo "nilikuwa", ndugu yangu. Tutarudi kwako.

Hapa hatutaji watu majina, ndiyo desturi yetu. Nitataja langu tu, tena la uwanjani: Kisiki. Watu wa rika langu hapa Masasi wanalijua. Msiolijua, poleni, mmekosa mengi.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kwetu kule juu tulijenga juu, maji yakabaki bondeni. Nyumbani kwetu tulizaliwa wavulana watupu, kwa hiyo hakukuwa na dada wa kumwachia ndoo. Tunateremka asubuhi, tunapanda na maji, na ukimwaga njiani unarudi ulikotoka. Watu waliniuliza sana baadaye ni kocha gani alinifundisha kusimama nisiyumbe. Nikawaambia kocha ni mama yangu, na uwanja ulikuwa ule mlima.

Mwalimu wangu akaniona, nikachezea shule, nikachezea wilaya, kisha timu moja ya hapa Masasi ikanifuata nyumbani na kumwomba baba. Nimecheza Mtwara, Lindi, Songea, na hata Dar es Salaam nimefika nikiwa na viatu vyangu begani. Sikuwa na mbio, nawaambia ukweli. Mbio za nini? Mshambuliaji anakimbia kwenda wapi? Anakwenda golini, na mimi golini nipo tayari. Nilikuwa namtazama kiunoni. Miguu ya mshambuliaji inadanganya, kiuno hakidanganyi. Nasimama ubavu, miguu yangu karibu karibu, namsogeza pembeni taratibu mpaka uwanja unamwishia.

Na jambo moja nalisema humu ukumbini mwa kanisa: sijawahi kupigwa tobo. Mama zangu msiojua mpira, tobo ni kupitishiwa mpira katikati ya miguu, watu wanakuona, uwanja mzima unaangua kicheko. Beki akipigwa tobo, mkewe anapata habari kabla yeye hajafika nyumbani. Mke wangu hakuwahi kuipata habari hiyo.

Sasa ndugu zangu, mechi moja ya masika, hapa hapa Masasi, niliruka kuupiga mpira wa juu. Nikatua. Mguu ukanasa kwenye tope, mwili ukageuka. Nilisikia sauti yake, na kipa wangu aliisikia. Walinitoa wamenibeba. Nikapelekwa mbali, nikapasuliwa, na daktari akaniambia maneno mawili: mpira basi, lakini ukifanya mazoezi utatembea. La mpira nililisikia vizuri. Lile la pili halikuingia.

Nikarudi hapa Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwenye chumba chetu, nikalala. Mke wangu alikuwa anachemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, alfajiri na kwenda kuiuza barabarani, ndiyo tuliyokula. Watu wakaja. "Pole, Kisiki." "Pole sana, Kisiki." Nawaambia, zile pole ndizo zilizonilaza zaidi, maana kila aliyetoka mlangoni aliniacha nikiwa na uhakika kwamba nimekwisha. Mguu ukaanza kusinyaa, ukaanza kujikunja. Hospitali tulishaambiwa: mguu usipotumika, utakauka umepinda hivyo hivyo, na hapo hakuna wa kuunyoosha. Mke wangu akinisihi, "Baba Neema, simama walau uote jua," namjibu, "Nisimame niende wapi? Uwanja una wenyewe." Nageukia ukutani.

Nilikuwa naogopa, jamani. Nilikuwa naogopa kusimama nikaonekana nilivyo.

Hapo ndipo alipokuja mtani wangu. Walimu na maofisa mliohamia huku kutoka mikoa mingine, niwaeleze kidogo. Mmakonde na Myao ni watani. Msiba ukinipata, mtani wangu ana haki ya kuja kumwigiza marehemu, kumtukana, kudai kuku, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Huyu alikuwa bibi wa Kiyao, jirani yetu, mwenye mwavuli mweusi mvua iwepo isiwepo. Hakukosa mechi hata moja. Alisimama kwenye mstari wa uwanja na kunipigia kelele: "Mla panya wewe, kaba!" Nami nilikaba.

Basi asubuhi moja nasikia kilio nje. "Jamani, Kisiki! Kisiki ametuacha!" Nikasikia majirani wanakuja mbio. Mimi kitandani najiuliza, Kisiki yupi? Nikachungulia dirishani. Bibi yule amevaa jezi yangu namba tano, amejipaka unga usoni, analia machozi hayatoki. Na mke wangu, msaliti yule, anamtandikia mkeka wa msiba.

"Marehemu alikuwa beki," akawaambia watu. "Ngoja niwaonyeshe alivyokuwa anakaba."

Akasimama ametanua miguu kama meza. Bibi mwenzake akavingirisha chungwa, likapita katikati.

"Tobo!" akasema. "Ndivyo alivyokuwa, maskini. Kila mechi."

Watu wakacheka. Akarudia. Chungwa likapita tena.

"Mwongo!" nikapiga kelele kutoka kitandani.

"Punguzeni sauti," akawaambia waombolezaji, "tuko msibani."

Chungwa likapita tena. Ndugu zangu, sijui nilifikaje mlangoni. Najua nilijigonga kwenye fremu, najua nilikuwa na shuka kiunoni na gongo mkononi. Nikasema, "Mimi sijawahi kupigwa tobo!"

Hata hakunitazama. "Mnamsikia mtu? Mimi simsikii. Maiti hasemi."

"Beki hasimami hivyo! Funga miguu! Kaa ubavu!"

"Hivi?" Akatanua zaidi.

"Siyo hivyo, bibi!"

"Mimi ni Myao, mpira nitaujulia wapi? Kazi yangu leo ni kuzika. Ama njoo utuonyeshe, ama rudi ukalale tuendelee kukulilia."

Nikalitupa gongo. Nikauweka chini mguu ule, na maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno. Nikakaa ubavu. Jasho linanitiririka, mke wangu ameziba mdomo kwa kanga. Bibi akamwashiria mwenzake, chungwa likaja. Nikalizuia, tena kwa mguu mbovu.

"Maiti amekaba!" akapiga kelele, akajitupa kwenye mkeka. "Jamani, maiti amekaba!"

Pakawa hapatoshi. Akadai kuku wake, akisema amepoteza asubuhi nzima kwa marehemu asiyejua kufa. Tulimchinja kuku. Nilikula nimekaa nje na wenzangu, na jua likanipiga.

Kesho yake akarudi na chungwa. Na kesho kutwa. Kila asubuhi barazani, yeye anavingirisha na kutukana, mimi nazuia. Nikaanza kwenda hospitali kwa mazoezi kwa hiari yangu mwenyewe. Chungwa likawa mpira. Wasichana wa shule wakipita wakawa wanasimama, mmoja akasema, "Shikamoo, Baba Kisiki, mimi nitakupita." Hakunipita. Wala wenzake.

Leo mnanijua kama mwalimu wa mabeki wa timu ya wasichana kule Chiungutwa. Napanda bodaboda, gongo limefungwa nyuma, nafika uwanjani nasimama. Mabeki wangu wanatazama kiuno, wanasimama ubavu. Mmoja amechaguliwa timu ya mkoa, na siku ile niliposikia jina lake likisomwa nilijidai kuliko siku zote nilizocheza mwenyewe. Naringa nao, siwafichi. Nimeringa leo na nitaringa Jumapili.

Msimu mmoja wa korosho nilimuuliza yule bibi. Tulikuwa tumekaa tunakula za kuchoma, mikono yetu imeungua yote. Nikamwambia, "Mtani, umenitazama miaka yote ile. Kweli uliamini nilikuwa nasimama vile?"

Akabangua korosho yake kwanza. "Wewe Mmakonde," akasema, "mimi nimesimama kwenye mstari wa uwanja ule kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ningekuigiza vizuri, ungebaki kitandani unajisifu."

Ndugu zangu, bibi yule tumemzika juzi juzi tu, wengi wenu mlikuwepo. Na zamu ilikuwa yangu. Nilivaa kanga yake, nikachukua mwavuli wake mweusi, nikasimama kando ya kaburi nikamwigiza. Nikamwigiza vibaya, makusudi. Nikasema kwa sauti ndogo ya adabu, "Tafadhali, beki, naomba ukabe."

Watu walicheka, maana kila mtu alijua neno tafadhali halikuwahi kupita kinywani mwake. Mimi nikampa nafasi anisahihishe. Nilisubiri kweli, jamani. Kisha nikalia chini ya mwavuli ule, na watu wakadhani bado ni utani, wakazidi kucheka. Nami nikaona ni sawa, angependa hivyo. Nikashika koleo nikamfukia, nimesimama kwa miguu yangu miwili, gongo nimeliacha kwenye ua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, maana aliyoniambia yalikuwa kweli yote mawili. Namshukuru Mama Neema, aliyenilisha kwa ming'oko na kunisaliti kwa jezi yangu mwenyewe. Nawashukuru wasichana wangu wa Chiungutwa. Na bibi yangu Myao namshukuru kuliko nilivyowahi kumwambia, kwa sababu mtani hashukuriwi usoni, anatukanwa.

Fundisho langu ni dogo. Mwenzako akilala, pole mpe, lakini usiishie hapo. Tafuta jambo analolijua kuliko watu wote, ulikosee mbele yake, halafu usogee pembeni umpishe.

Na wewe ndugu yangu wa pale nyuma, uliyesema ulikuwa seremala. Jumatatu asubuhi nakuja kwako. Nitachukua randa yako, nitachukua na ubao wako mzuri kuliko yote, nami sijawahi kushika randa tangu nizaliwe. Jiandae kukasirika. Mama, sasa nipe gongo langu.