Kidole cha Taratibu: Risala ya Karakana ya Elektroniki

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa chuo, walimu na wazazi,

Karibu

Tunakukaribisha karakanani kwetu. Utuwie radhi kwa harufu ya solda, risasi tunayolehemia. Madirisha mawili hayafunguki. Tulifurahi sana kusikia kwamba kabla ya cheo hiki ulikuwa fundi wa saketi.

Tulikotoka

Awali, kila tulipotaka kuingiza programu kwenye chipu, tuliing'oa kwa bisibisi kutoka kwenye ubao wa majaribio, tukaipeleka ofisini kwenye kifaa cha mwalimu, kisha tukairudisha. Miguu yake ilipinda, mingine ikakatika. Mtu akisema "jamani" kwa sauti ya chini, tulijua chipu nyingine imekwenda.

Tulichofanikisha

Mwenzetu wa mwaka wa mwisho, tunayemwita Taratibu kwa kuwa hatujawahi kumwona akiharakisha kitu, alituongoza kuunda kifaa chetu wenyewe. Ni hicho kibao cha kijani kilicho mbele yako. Kinachomekwa juu ya ubao wa majaribio, waya wake unakwenda kwenye kompyuta, na programu inaingia bila chipu kung'olewa.

Kinachotuchanganya

Mgeni rasmi, kinafanya kazi pale tu Taratibu anapoweka kidole nyuma yake. Akikitoa, kompyuta inasema haioni chipu.

Hatuelewi. Tumelehemu upya. Tumebadilisha waya, soketi, hata meza. Sote tulijaribu vidole vyetu. Cha mwenzetu Bonge kilikubaliwa siku moja, kesho yake kikakataliwa. "Kanawe," tukamwambia. Akanawa. Kikakataliwa kabisa. Tulipogusisha kipimo cha umeme ili tuone kasoro, kibao kikafanya kazi bila kidole cha mtu. Tulipoondoa kipimo, kikagoma. Mwalimu alikuja akasema, "Mbona kizima?" Tukamwomba atazame nyuma ya kibao, kilipo kidole. Alitazama, akavuta kiti, akakaa.

Tungecheka tu, ila Taratibu amepata kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali, mbali na hapa. Aliomba wamsubiri, wakamsubiri. Sasa wanamtaka Jumatatu, na safari hii hawasubiri tena. Mama yake ameshampangia nguo sandukuni. Yeye anasema, "Nikiondoka, wadogo zangu, mtarudi kwenye bisibisi." Tukimwambia aende, anatuuliza polepole, "Mmenichoka?" Tunataka aende, na hatutaki, na hatujui tunaanzia wapi kumweleza.

Ombi letu

Tulishauriwa tuombe kompyuta na feni. Tunavihitaji, hatukatai.

Lakini ratiba inasema sasa utabonyeza kitufe, programu iingie, taa iwake, watu wapige makofi. Itawaka, kwa sababu Taratibu amesimama hapo na mkono wake uko nyuma ya kibao. Tunakuomba, kabla hujabonyeza, umwambie autoe. Sisi hakubali kutusikia, wewe atakusikia. Taa isipowaka, makofi yasubiri. Vua koti, mheshimiwa, ukae nasi kwenye stuli, utuonyeshe tulipokosea. Tukijua leo, Jumatatu atapanda basi bila kugeuka nyuma kila mara.

Mungu akupe afya, awatunze uliowaacha nyumbani, na amfikishe salama dada yetu.

Ni sisi, wadogo zake,
Wanafunzi wa Karakana ya Elektroniki.