Ndevu za Usaili

Nje ya kibanda cha Kinyozi kuna benchi moja, chupa moja ya kahawa, na wataalamu wa kila kitu. Asubuhi hiyo Kinyozi alikuwa anamsiriba Mkasi rangi nyeusi ndevuni, hadharani kabisa. Mkasi alikata vitambaa katika kiwanda cha mashati miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kikafungwa na yeye akarudishwa nyumbani kwa barua. Tangu hapo, miezi kumi na moja sasa, alikuwa akijifunza kuandika programu za kompyuta kwenye meza ya cherehani ya mkewe. Saa nane mchana alikuwa na usaili, wa kwanza tangu aanze kutafuta, na kahawa ilikuwa haishuki.

— Tulia, kaka, alisema Kinyozi. Upande wa kushoto umeshakuwa kijana.

— Unamdanganya nani? aliuliza Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kompyuta aliiona benki tu, tena kwa nyuma. Zile mashine zina jicho. Likiona mvi linaandika muda umekwisha, kama kopo la maziwa.

— Ndiyo maana nazipaka, bwana.

— Na magoti je, utayapaka?

— Shida si magoti, alisema Kinyozi, shida ni adabu. Bosi kijana atamtumaje mtu mzima? Aanze kumwamkia, amuulize hali ya nyumbani, kazi ianze saa ngapi?

— Hapo umenena. Halafu programu ya mtu wa makamo inajulikana tu. Inaanza vizuri, ikifika mchana inatafuta pa kujinyoosha.

Mkasi alicheka, rangi ikamdondokea kolani. Aliwapenda watu hawa. Kiwanda kilipofungwa hawakumwacha akae peke yake hata siku moja. Lakini juzi shemeji yake alimwambia, mbele ya watoto, aache kuchezea vitufe akatafute kazi ya ulinzi. Mkasi alishaapa moyoni: akikosa leo, anaulizia huo ulinzi, na kompyuta anamrudishia binti yake.

— Wakiniuliza umri? aliuliza.

— Sema thelathini na tisa, alisema Kinyozi.

— Binti yangu ana ishirini na sita.

— Sema uliwahi kuoa.

— Na miaka ya kiwandani?

— Ifute yote. Ukitaja kiwanda umejimaliza. Sema ulikuwa ughaibuni.

— Ughaibuni wapi?

— Wakifika hapo, alisema Breki, wewe kohoa.

Mwalimu wa hesabu, mgeni mtaani, alikuwa mwisho wa benchi akingoja kunyolewa. Aliweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Huo ujumbe wa kumwita unasemaje?

Kinyozi alimtazama Breki. Breki alimtazama Mkasi. Mkasi alitazama viatu vyake. Alikuwa amesoma tarehe na saa, akaishia hapo. Sehemu iliyobaki aliiogopa, maana ile barua ya kiwandani aliisoma mpaka chini, na hakulala siku tatu.

Alitoa simu, akasoma kwa sauti, polepole.

— "Tumeipenda programu uliyotutumia, ya kupanga vipande vya shati ili kitambaa kisipotee. Vijana wetu wanaijua kompyuta, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kwenye meza ya kukatia. Tafadhali njoo utusimulie miaka yako ya kiwandani, yote."

Breki alijifuta macho kwa kofia, akasingizia harufu ya rangi.

— Soma tena, alisema.

Mkasi akasoma tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Alipomaliza alijishika ndevu, vidole vikatoka vyeusi.

— Sasa hivi saa ngapi?

— Saa tano na robo, alisema mwalimu.

Kinyozi alikuwa ameshaingia ndani kutafuta sabuni ya kuitoa ile rangi.