Mzee Karibu, Aliyetupenda kwa Lugha za Wageni

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Aliongea kabla hajatembea, na tangu hapo hakunyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, ila lugha alizidaka upesi kama mafua.

Mwaka 1977 aliajiriwa mapokezi ya hoteli, akasimama nyuma ya kaunta ile hadi alipostaafu mwaka 2016. Wageni ndio waliompa jina la Mzee Karibu. Kila aliyepita alimuuliza jambo moja: kwenu "nakupenda" mnasemaje? Jioni akirudi, anatumwagia sisi. Mkewe Kifaransa, watoto Kiitaliano, mama mkwe Kijapani, mkono kifuani na macho kayafumba. Mdogo wake wa kike, ndiye anayewasomea haya, alisikia kichefuchefu wala hakumficha.

"Kaka, yanatia kinyaa. Si useme kwa lugha yetu?"

"Lugha yetu nzito, mdogo wangu. Ukishasema, lazima uinuke utende."

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na dobi wa hoteli hiyohiyo. Alimchumbia kwa Kifaransa, mlangoni pa chumba cha kufulia. Dobi akamjibu, "Hayo wape wageni. Mimi nafua mashuka yao, nawajua." Akamkubali hata hivyo, akingoja siku atakayoambiwa kwa Kiswahili. Alingoja sana. Walijaliwa wana wawili, waliorithi mdomo wa baba yao. Mikono ya mama yao hawakuirithi.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Tusipambe mambo: chumba kilinuka. Mfuko wa choo aliowekewa tumboni ulivuja kitandani, naye, mtanashati yule, akawa anageukia ukutani kwa aibu. Mwanawe mdogo alituma salamu za mapenzi kwenye simu, kwa Kiingereza na Kihispania. Mkubwa alifika mpaka mlangoni, akaziba pua kwa leso, akamwambia baba yake anampenda, kwa Kiitaliano, akaondoka. Shangazi yao alikwenda kutapika nyuma ya nyumba. Si kwa sababu ya kinyesi, kile alishakizoea. Ni ule mdomo nyuma ya leso, na mpaka leo akiukumbuka roho inamchafuka.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkewe alipokuwa akimsafisha, kaka alimshika mkono wenye povu.

"Mama watoto," akasema. "Nakupenda."

"Inua mguu," mkewe akamwambia.

Akamaliza kumfuta, akatandika shuka jipya, akalinyoosha kwa viganja mpaka kwenye pembe. Ndipo akatoka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti ambayo wifi yake hakuwahi kuisikia kwake. Kaka alifariki alasiri ile.

Ameacha mjane, wana wawili, wajukuu watatu na dada mmoja. Mashada mliyoleta tumeyaona. Yameandikwa kwa lugha nne, ahsanteni. Mjane wake anaelewa Kiswahili. Mashuka ya ugonjwa bado yameloweshwa, na mwenye kumpenda mzee anajua ndoo ilipo.

Kaka, pumzika kwa amani. Ulilala kwenye shuka safi.